Nafasi Moja Katika Basi la Shule

Bugendana, Gitega
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo nyingi kutoka huku milimani, na amahoro, amani ya kwetu, iwe juu ya nyumba yako. Mgongo unaendeleaje? Kaka Yohana aliniambia umerudi kulima hata kabla haujapoa. Nikamwambia akufiche jembe, akacheka tu. Sisi tu wazima. Fabiani ana kikohozi cha msimu, maharage yametoka vizuri, na mvua imezidi ile tuliyoiomba.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu yako Neema ndiye huishika, na maneno haya sitaki yapite kwake kabla hayajakufikia wewe. Barua nimempa Mama Asha, muuza vitenge wa Gitega mjini anayepanda Muyinga kila wiki. Yohana ataipokea kwake sokoni, akuletee kwa baiskeli. Uisome mwenyewe, polepole, kama unavyosoma Biblia yako ya Kiswahili. Usimpe mtoto akusomee.

Mama, nina hamu na mwanangu hadi inaniuma mwilini.

Huu ni mwaka wa tatu tangu nimlete kwako. Tulikuwa tumerudi kutoka kambini Tanzania miezi michache tu. Wewe ulikuwa umepata tena shamba la baba huko Giteranyi, Muyinga, mimi nimemfuata mume wangu Fabiani kwenye kilima cha wazee wake. Kule kambini shule ilikuwa mwendo wa kuimba wimbo mmoja. Huku shule iko ng'ambo ya bonde: mtoto anashuka, anavuka mto, anapanda tena. Neema alikuwa na miaka sita. Siku mto ulipomchukua binti wa jirani yangu Kristina, wakamtoa kwenye matete mkono ukiwa umevunjika, Fabiani alisema, "Mpeleke kwa bibi yake. Kule shule iko nyuma ya nyumba." Nikamleta. Nilidhani ni kwa msimu mmoja wa mvua.

Nilipokuja mara ya mwisho alikuita wewe Mama, na mimi akaniita Mama wa Bugendana. Ulimkaripia, nikasema mwache. Sikukwambia kwamba njiani nililia mpaka tukapita Karuzi, na mama mmoja aliyekaa karibu nami akaniuliza kama ninatoka msibani.

Sasa nikueleze tulilofanya huku.

Mwaka jana mvua iliondoa tena daraja la magogo, wazazi wa vilima vyetu tukaitana shuleni. Siku hiyo alikuwepo Mzee Sadiki, Mwislamu wa Gitega mjini mwenye basi dogo la kubebea watu wa soko. Alikuwa amekuja kununua ndizi, akasimama mlangoni anasikiliza. Mwishowe akasema, "Mi iko na gari. Siku ya soko inafanya kazi, siku ingine inalala. Ile barabara ya juu iko mubaya lakini inapita, na haigusi muto. Mutafute mutu wa kutusaidia mafuta, mi nitabeba watoto."

Tulikuwa tumesikia kwamba kuna ofisi mjini inayotoa ruzuku kwa miradi midogo ya wananchi. Wakanichagua mimi niandike ombi, kwa kuwa kambini nilifundisha watoto wadogo na nilizoea ripoti. Lakini ombi lilitakiwa kwa Kifaransa, na Kifaransa changu unakijua. Basi mimi nikaandika Kiswahili, na direkta wa shule, mama mmoja mpole lakini mkali wa kalamu, akageuza. Jumamosi baada ya Jumamosi tulikaa darasani tukibishana juu ya neno moja. Tuliliita basi la majaribio, maana aliniambia wafadhili wanapenda kitu kianze kidogo, kionekane.

Wakatukatalia.

Nilishuka mjini mwenyewe kuuliza sababu. Nilimkuta bwana anayekagua maombi, anaitwa Liboire. Alinipa kiti, akafungua dosiye yenye ombi letu, akasema, "Donc, mama, watoto wa Burundi wote wanatembea. Mimi mwenyewe nilitembea. Mbona nyinyi munataka basi?"

Mama, nilimfikiria Neema. Nikasema, "Bwana, njoo utembee nao asubuhi moja tu. Ukifika shuleni ukasema basi halihitajiki, sitarudi mlangoni kwako."

Akacheka. Kisha akauliza, "Wanaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Saa kumi na moja!" akasema, akafunga dosiye.

Sikumtegemea. Lakini alikuja. Alikuwa amelala kwa ndugu yake hapa Bugendana, na asubuhi nikamkuta barabarani na mwavuli na viatu vilivyopigwa rangi. Tukateremka. Binti wa Kristina alikuwa kando yake, yule wa mkono, ambao haujanyooka mpaka leo. Bwana Liboire akamuuliza amekula nini. Akasema, "Bado. Nikila nachelewa." Akamuuliza anakula saa ngapi. Akasema, "Nikirudi."

Kufika mtoni watoto walivua viatu, wakashikana mikono, wakubwa upande wa juu wa maji ili wadogo wasisukumwe. Hakuna aliyewafundisha, wamejifunza wenyewe. Yule bwana alisimama ukingoni. Mtoto mdogo kuliko wote alikuwa anatetemeka, hataki kuingia. Bwana Liboire akafunga mwavuli, akakunja suruali, akainama, akamwambia, "Panda." Akamvusha mgongoni. Upande wa pili hakumshusha, alipanda naye kilima chote.

Tulipofika somo la kwanza lilikuwa limekwisha. Watoto waliingia wakiwa wamelowa, wakakaa. Mmoja alilaza kichwa mezani hata hajafungua daftari, akalala. Bwana Liboire alisimama dirishani, direkta kando yake, mimi nyuma. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nilitembea, ndiyo. Nilikuwa nimesahau."

Hakuahidi kitu. Tulingoja hadi maharage yakavunwa, yakapandwa mengine. Nilikwishaanza kuwakwepa wazazi, kila mmoja ananiuliza. Ndipo direkta akaja kwetu kwa miguu, amefunga kanga juu ya nguo za kazi, akaniita kutoka mbali, "Medi! Wamekubali!" Fabiani alitupa jembe chini. Mimi nilikaa palepale kwenye tuta.

Wamekubali kwa mwaka mmoja wa shule. Wataangalia kama watoto wanafika kwa wakati na kama wanaacha kukosa masomo. Wakiona faida wataendelea, wasipoona basi linasimama. Nakwambia kama ilivyo, Mama, ili usije ukasema nilikuficha.

Limeanza kutembea wiki mbili sasa. Siku ya kwanza Mzee Sadiki aliliosha mpaka likang'aa, akaja amevaa kofia yake ya Ijumaa. Sisi kina mama tulisimama barabarani kama watu wa harusi. Watoto waliingia wakanyamaza kabisa, wamekaa wima, mikono magotini. Mzee akageuka akawauliza, "Munaogopa nini? Semeni kitu!" Binti wa Kristina akajibu, "Tumekula." Wote wakaangua kicheko, na basi likaondoka.

Mimi nilirudi nyumbani, nikaingia chumbani, nikafunga mlango. Nilikuwa nimeandika majina yao wote kwa mkono wangu, na la mwanangu halimo. Siku ya kuandika direkta aliniuliza, "Na wa kwako?" Nikasema yuko kwa bibi yake, huko Muyinga. Aliniangalia, kisha akasema, "Nafasi moja sitampa mtu mpaka muhula ujao."

Hilo ndilo lililonifanya nikuandikie.

Najua ninachokuomba. Najua nani anakuchotea maji, nani anakutungia uzi kwenye sindano, nani anakuambia usiku mwema. Wewe ulinibeba mgongoni tulipokimbia, ukanilea peke yako katika nchi ya watu, na tuliporudi ukabaki mwenyewe na shamba na ukimya wake, mpaka nilipokuletea Neema. Sasa nataka kumchukua. Na basi lenyewe ni la majaribio. Huenda baada ya mwaka likasimama, nami nikabaki na mtoto na mto. Fabiani anasema njooni mkae wote huku, kuna chumba. Nimemwambia nakujua: umelingoja shamba hilo miaka mingi mno kuliacha.

Ukisema abaki, atabaki, na sitakuuliza mara ya pili, wala sitakununia. Umemfundisha kusali, kusoma, kuheshimu watu. Kama kuna mwenye haki ya kukataa, ni wewe.

Ila usinijibu kwa simu. Shule zikifungwa nitakuja. Usimwambie kitu, na usimfungie mizigo. Nataka kwanza nikae nanyi siku kadhaa, nilime nawe asubuhi, nimpeleke mtoni kufua, anizoee tena. Halafu jioni moja tukae sisi wawili jikoni, unitazame usoni, uniambie. Lolote utakalosema nitalipokea kutoka mdomoni mwako.

Nisalimie kaka yangu Yohana, mwambie breki za baiskeli azitengeneze kabla hazijamtupa. Nisalimie shangazi wa ng'ambo ya barabara aliyenipa mbegu za mihogo, zimeshika. Msalimie mchungaji wenu na mwalimu wa Neema. Na Neema mwenyewe mpake mafuta kichwani kwa mkono wako, umwambie tu kwamba yametoka kwa mama yake.

Mungu akulinde kwenye hicho kilima chako mpaka nitakapokiona.

Ni mimi mwanao, uliyemwita Mediatrice,
mke wa Fabiani wa Bugendana