Kibao Chini ya Betri

Nyumbani kwa Mzee Mashimba,
Buzuruga, Ilemela,
Mwanza.

17 Julai 2025

Mpendwa kaka Obedi,

Shikamoo kaka. Nakusalimu wewe, nakusalimu na wifi yangu, na Princess wenu ambaye kwa picha mliyotuma naona karibu atanipita kimo. Mmeamkaje huko Ndola? Nasikia mwezi huu baridi yenu haina masihara. Na goti lako je, lile uliloliumiza kwenye mashine ya kusaga? Mama ameniagiza nikuulize kama unalikanda kwa maji ya moto au unaliangalia tu.

Sisi huku tunaendelea vizuri. Mama ni mzima, bado anaamka kabla ya kuku na bado anatugombeza wote. Elias wangu yuko kazini kwake uwanja wa ndege, Queen wetu amefungua shule. Ni baba tu ndiye anayetunyima raha, na habari yake ndiyo iliyonikalisha chini niandike.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati simu tunazo sote mfukoni. Hili nimeona halifai kwa simu. Barua nampa Odeta, yule binti wa jirani yetu anayepeleka dagaa Zambia, na ameniahidi kuiweka mkononi mwako yeye mwenyewe. Ndani ya bahasha utakuta pia kipande cha kamba chenye mafundo matatu, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Hiyo karatasi usiifungue kwanza. Nakujua ulivyo na haraka, ndiyo maana nakuomba.

Ni habari ya Landrova. Usiikunje barua, kaka, endelea kusoma.

Miaka ishirini na saba sijawahi kukutajia gari hilo. Siku ile nilikuwa na miaka kumi na mbili, nimesimama mlangoni na sufuria mkononi. Naikumbuka betri mpya uliyoinunua kwa mshahara wako wa kwanza wa kiwanda cha samaki, ukataka baba akirudi kutoka mnadani Magu akute gari linanguruma. Ukafunga nyaya kama zinavyofungwa kwenye kila gari. Naukumbuka moshi uliotoka kwenye dinamo, nyaya zikayeyuka, na ile redio yake ya kwenye dashibodi ikazimika na isiwake tena. Nayakumbuka na maneno yake, kwamba mikono yako inaharibu kila inachogusa na hataki kuiona tena kwake. Wiki haikuisha ukawa umeondoka. Hukurudi, naye hakukuita. Nasikia mpaka leo hutaki kununua gari, unazunguka Ndola yote kwa baiskeli.

Sasa baba ametimiza miaka themanini na sita. Kuendesha aliacha tangu macho yalipofifia, lakini kila Jumamosi asubuhi alikuwa anajikongoja mpaka kwenye ile Landrova, anakaa kwenye usukani, anaiwasha, anaisikiliza kama dakika kumi, kisha anazima na kushuka akiwa na uso mwingine kabisa. Baada ya Pasaka gari likagoma, betri imekufa. Jumamosi ya kwanza alinyamaza. Jumamosi ya pili hakula. Daktari alisema moyo umechoka, na nilipomuuliza muda uliobaki hakunidanganya. Nikasema, kama ni betri tu inayomnyima huyu mzee chakula, betri itapatikana.

Nilipomuaga asubuhi ya kwenda kuinunua, alitoa mfukoni hiyo kamba uliyonayo. Fundo la kwanza ni urefu, la pili upana, la tatu kimo. Akasema, "Hiyo ndiyo betri. Isizidi, isipungue. Na maji yake yasimiminwe dukani." Unamkumbuka kwa hilo. Kwake yeye betri inaanza kuzeeka dakika ile inapotiwa maji, kwa hiyo lazima itiwe ikiwa pembeni mwa gari lake, naye akiwepo.

Nikaenda Mabatini. Kaka, mimi mwanamke wa kuuza vitenge nilijua betri ni betri. Kumbe ni ukoo mzima. Zimepangwa kutoka sakafuni mpaka juu, ndefu, fupi, za maji, za kisasa zisizofunguliwa, za pikipiki unazoweza kubeba kwenye kiganja, na za malori ambazo wanaume wawili wanazinyanyua huku wakiguna. Na kila moja ina upande wake wa kichwa, kulia au kushoto, ukikosea waya haufiki. Nilisimama pale kama mshamba aliyeshuka melini leo.

Mwenye duka anaitwa Okwach, mtu wa Shirati, ana miaka thelathini katika kazi hiyo. Aliposikia ni Landrova ya mwaka sitini na nne, akaacha wateja wake akaniuliza mara mbili kama inatembea kweli. Akasema atakuja kuifunga yeye mwenyewe, alipwe au asilipwe. Lakini alipoiona kamba alicheka. Akaniambia kipimo hicho ni cha N50, na kwamba injini ya zamani namna hiyo inahitaji nguvu, nichukue N70. Nami, nikiri, niliona kamba ya mzee ni ukaidi wa kizee. Nikachukua ile kubwa. Njiani nilijisifu moyoni kwamba nimemzidi baba akili.

Tulipofika, baba alikuwa kwenye kiti chake barazani, amefumba macho. Okwach akafungua boneti. Vichwa vya nyaya vilikuwa vimeoza vyote, vimejaa ule unga mweupe na wa kijani, hata alama kwenye betri hazikusomeka. Akavikata akafunga vipya. Mama akaleta maji ya uvuguvugu yenye magadi, kama alivyokuwa akimletea baba zamani, akamwagia pale, na uchafu wote ukachemka na kuondoka. Okwach alitikisa kichwa, akasema dukani kwake anauza dawa ya kopo kwa kazi hiyo, na haifanyi vizuri vile.

Tukaiweka betri mpya. Ikakataa. Ilikuwa na kimo kikubwa mno, na kile chuma cha kuibana juu hakikufika. Chini kulikuwa na kibao cha mninga, kimefunikwa kwa kipande cha mpira wa tairi, na hicho ndicho kilichoinyanyua. "Tukitoa hiki kibao inaingia, mama," Okwach akaniambia. Nikamwambia toa. Mkono mmoja alikuwa tayari ameshika waya unaokwenda kwenye bodi, yaani bati la gari lenyewe, ameuelekeza upande wenye alama ya kutoa, ule wa hasi, kama anavyofanya kila siku ya maisha yake. Kwa mkono wa pili akafunua mpira.

Kaka, kibao kina maandishi. Hayakuandikwa kwa rangi. Yamechomwa kwa chuma cha moto, kama baba alivyokuwa akiwatia ng'ombe wake alama, herufi kubwa zilizopinda za mtu aliyeishia darasa la nne. Nayaandika hapa kama yalivyo.

JUMLISHA KWENYE BODI.
OBEDI HAKUAMBIWA.
KOSA NI LANGU.
C. MASHIMBA 1998.

Okwach aliusoma mstari wa kwanza akauachia ule waya kana kwamba umemwuma. Akanieleza kwamba baadhi ya magari ya zamani yalifungwa kinyume na haya ya leo, upande wa jumlisha ndio unaokwenda kwenye bodi. Alisikia habari hiyo alipokuwa anajifunza kazi, lakini hajawahi kukutana na gari la hivyo. Kisha akasema taratibu, "Ningeliunguza." Fundi wa miaka thelathini, kaka, alikuwa anafanya kilekile ulichofanya wewe ukiwa na miaka ishirini. Nataka ulirudie hilo mara mbili kabla hujaendelea.

Mimi nikakaa chini palepale kwenye mchanga. Huyu ni baba yetu, Chenge Mashimba, ambaye sijawahi kumsikia akisema samahani kwa mtu wala kwa mbwa. Nilipiga hesabu kwa vidole. Tangu uondoke amebadilisha betri kama mara saba. Mara zote saba ameinua ule mpira, akakiosha kibao kwa magadi, akasoma, akafunika, akaweka betri juu yake. Kila Jumamosi alipokaa kusikiliza injini, alikuwa anajua kilicho chini. Na sisi tuliopita pembeni ya gari hilo na ndoo zetu kila siku hatukujua chochote.

Mama, ambaye kusoma alijifunza ukubwani, alipitisha kidole kwenye herufi moja moja, akafika kwenye jina lako akakiacha kidole hapo. Akasema wiki ile uliyoondoka alisikia harufu ya mti unaoungua nyuma ya zizi, na baba akamwambia anatengeneza mpini wa jembe.

Sauti ikatoka barazani. Kumbe hakulala. "Mmesoma?" Nikamwambia tumesoma, baba. Akasema, "Hayakuwa ya kwenu."

Hasira ikanipanda, nakuambia kweli. Nilimuuliza kwa nini miaka yote hiyo hakuchukua simu. Namba yako anayo, mama anazungumza nawe kila Jumapili akiwa amekaa hatua tatu kutoka kwake.  Akasema, "Kwenye simu mdomo wangu ungeharibu tena. Niliandika mahali atakapotazama. Nilijua siku akirudi, kabla hajaingia ndani atafungua boneti. Ndivyo alivyo yule."

Alikuwa anakungoja wewe uje ubadilishe betri. Mimi nilikuwa nimeamuru kibao kitolewe ili N70 yangu ienee.

Kesho yake Okwach alirudi na N50, akaichukua ile nyingine bila neno, kwa kuwa ilikuwa kavu bado. Tuliipima kwa kamba, fundo kwa fundo, ikakaa sawasawa. Tukaiweka juu ya kibao ikaingia kama imezaliwa humo. Okwach akafungua dumu la maji ya betri, akavaa glavu zake. Baba akanyanyua fimbo. "Acha hapo," akasema. "Mwenye kazi yuko Ndola." Okwach alinitazama, akalifunga dumu, akavua na kofia.

Basi ndivyo ilivyo. Betri imekaa juu ya kibao chake, kavu, nyaya zinaning'inia. Dumu lake liko juu ya kabati la mama ambako mbuzi hawafiki. Baba siku hizi anakula, sitaki nikufiche, anakula vizuri, na kila Jumamosi anakaa kwenye usukani bila kuwasha. Lakini daktari hakubadilisha alichosema, na nikimshika mkono wakati wa kushuka naona umekuwa mwepesi. Betri kavu inaweza kungoja mwaka. Yeye sidhani.

Mama anawasalimu wote na anasema chumba chako kimefagiliwa. Elias anakusalimu shemeji yake, Queen anamsalimu Princess na anauliza kama anajua kuogelea, maana ziwa lipo. Okwach naye, ambaye hujamwona, kaniomba nikufikishie salamu na kwamba siku ukifika apigiwe, anataka kusimama pembeni aangalie. Mungu aliyekulinda ugenini miaka yote hii akulinde na njiani, akupitishe mpakani bila misukosuko.

Sasa unaweza kuifungua ile karatasi. Niliiweka juu ya kibao nikaipaka penseli polepole mpaka maneno yakatokeza yenyewe, ili uyaone kwa mkono wake, si kwa wangu. Kamba njoo nayo, ni ya baba, ataiulizia.

Jumlisha inakwenda kwenye bodi, kaka. Sasa umeambiwa.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, niliyesimama mlangoni na sufuria,

Rebeka