Wafiwa Hatupeani Pole

Mama Nakijwa,

Ni mimi. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Kalamu ni ya mtoto.

Tangu tukuzike hapa Bombo watu hawajaacha kunipa pole. Niko na gunia begani, mtu anapita, "Pole, baba Nakijwa." Pole ya mzigo au pole ya msiba, sijui. Natakiwa niseme nimeshapoa. Sijapoa. Nasema asante, napita.

Wewe hilo neno ulikuwa hulibanii. Mtu kajikwaa huko barabarani, wala humjui, pole. Kuku kabanwa na mlango, pole. Nikakuuliza, pole ya nini, kwani umembana wewe? Ukasema, "Lazima nimuumize ndiyo nimuonee uchungu? Pole na wewe, kichwa kigumu." Ukacheka mpaka ukakaa chini.

Sasa sikia. Jana mdogo wako alikuja kutoka Lembeni kumchukua Nakijwa akakae kwake. Mtoto mwenyewe ndiye aliyempigia simu. Kasema humu ndani ni kama hakuna aliyekufa. Kasema watu wote wamempa pole, hata mwenye duka, baba tu ndiye bado.

Nilishangaa. Mimi nijuavyo pole inatoka nje. Watu wanakuja, mnakaa, mnapewa. Wafiwa hatupeani. Mama yangu alipokufa baba hakunipa, na mimi sikumdai. Siku zile za matanga nilikaa na Nakijwa mkeka mmoja, nikajua tunapewa wote. Kumbe yeye kafiwa na mama, mimi na mke. Kila mtu na wake.

Usingizi sikupata. Asubuhi mdogo wako anafunga mizigo, mimi naingia, natoka. Nimepasua kuni ambazo hakuna aliyezihitaji. Mwisho nikaenda jikoni. Nakijwa alikuwa anasugua sufuria. Nikamwambia, "Pole, mwanangu. Pole kwa kufiwa na mama yako."

Basi. Sikuwa na lingine.

Hakuinua uso. Akasugua, akasugua, na sufuria ilishatakata zamani. Halafu akasema, "Asante, baba. Na wewe pole." Nikakaa hapo hapo kwenye majivu. Tukalia, mama Nakijwa. Tulikuwa hatujalia pamoja.

Ameondoka. Ila begi kubwa ameliacha kitandani, kachukua lile dogo. Anasema shule zikifunguliwa anarudi. Mdogo wako kanitazama, "Shemeji, mtoto umemfanyia dawa gani?"

Nyumba imekuwa kubwa. Nazunguka tu.

Akirudi nitakaa naye. Tutakutaja humu ndani, kwa jina lako, hata kama itatuuma. Hilo nakuahidi.

Sasa lala. Uliumwa sana wewe, na mimi nilikuwa nahangaika na dawa na maji ya moto, sikukuambia kitu.

Pole, mke wangu.

Baba Nakijwa