Bosi Anataka Nimfungie Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada, nimebanwa kati ya bosi na mama mkwe. Nafanya kazi kwenye shirika dogo linalotibu watoto waliozaliwa na miguu iliyopinda, mimi ndiye ninayeandika blogu na kuendesha ukurasa wetu mtandaoni, naweka mabango, semina, wageni rasmi, na hakuna aliyekuwa akisema neno, mpaka nilipomfundisha mama mkwe kutumia simu, ee Mungu wangu! Sasa kila nikiweka kitu yupo hapo chini anawauliza wazazi, "Mwanangu, umeshindaje? Mtoto amekubali viatu?", maana watoto wetu wakitolewa plasta ngumu za miguuni hulala na viatu vilivyounganishwa kwa chuma ili miguu isipinde tena, wanalia mpaka wazazi wanakata tamaa wanavivua, na mume wangu naye alizaliwa hivyohivyo, basi mama anasimulia yote, hata alivyokojoa kitandani hadi darasa la tatu, mume amenuna. Wazazi wanamwita Bibi, wanapiga soga mimi sipati hata nafasi. Mkurugenzi anasema ukurasa umegeuka kijiwe, nimfungie asiandike tena kabla wafadhili hawajaja Ijumaa. Huyu mama nampenda sana, na kazi naitaka. Nifanyeje?

Mkwe Aliyebanwa

Pole, mwanangu, ila nimecheka mpaka chai ikanipalia. Kisha nikaingia kwenye ukurasa wenu kujionea. Hebu tuambizane ukweli: nani alikudanganya kwamba mzazi mwenye mtoto anayelia anataka kuona bango? Mama mkwe wako anaongea na watu. Kazi hiyo umeajiriwa wewe, na yeye anaifanya bure!

Naye ana yake. Mwambie kwa upole habari za kitanda cha mumeo zikome, jamani, mtu mzima yule. Maswali ya maumivu amwachie daktari. Wewe nawe, wageni rasmi wapumzike. Mwombe mzazi mmoja asimulie kwenye blogu wiki yake ya kwanza na viatu, akikubali, halafu waulize wenzake walifanyaje, na ukae hapo ujibu. Usiweke ukakimbia.

Na mkurugenzi usibishane naye. Mwonyeshe maandishi ya mama mmoja niliyemkuta hapo ukurasani, aliyeandika kwamba ameshavivua viatu na havirudishi ng'o. Bibi alimjibu, "Mvishe tena, mwanangu. Wangu alilia hivyohivyo, leo ananishinda kutembea. Nipo hapa, siondoki." Wakaandikiana mpaka mtoto akapitiwa na usingizi, viatu vikiwa miguuni. Muulize bosi wako: Bibi angekuwa ameshafungiwa siku ile, nani angemjibu yule mama?