Godoro la Marehemu na Gari la Alhamisi

Alhamisi, 2 Mei

Gari la taka limepita asubuhi. Honi mbili ndefu, kama kawaida. Mama Neema wa nyumba ya pili kaja kuchukua kiroba chetu, kakipeleka. Mie nimebaki nyuma ya geti. Nipo eda. Tangu mume wangu afariki, kabla ya Ramadhani, sijakanyaga barabara.

Sheria za mtaa nazijua kwa moyo. Taka za majumbani Alhamisi, za biashara Jumanne. Usitoe usiku, mbwa watachana. Kiroba kifungwe mdomo. Usichome moto. Usiache barabarani, mpe mtu wa gari mkononi. Baba Shani, mume wangu, alikuwaga anazifuata zote. Alikuwa anafunga kiroba cha taka utadhani mzigo wa kwenda Lindi.

Leo muuza chipsi wa kona kachanganya maganda yake na viroba vya majumbani, akwepe siku ya biashara. Mtu wa gari kanyanyua kiroba chake, kimemuelemea. Akapiga kelele: "Nyumba gani hii inakula gunia la viazi? Kuna harusi hatukualikwa?" Mtaa mzima ukacheka. Nilisikia, nikajua kabisa hiki ni kichekesho. Kicheko hakikuja.

Godoro hawakulichukua. Tena.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua tangu alfajiri. Nimesoma Yasini, nimemrehemu.

Godoro liko uani, limeegemea ukuta wa choo. Ndilo alilolalia tangu kiharusi kimpige mpaka siku ya mwisho. Mwaka mzima. Nguo zake zimegawiwa, hadi viatu. Godoro hakuna aliyelitaka. Simlaumu mtu. Lina vidonda vyake, lina mikojo yake, lina harufu ya dawa. Siku ya mazishi wanaume walilitoa nje wakasema litaondoka. Ndiyo hivyo. Masika yote limeyanywa lenyewe. Katikati lina shimo, upana wa mgongo wa mtu.

Napita hapo kila nikienda kutawadha. Naliangalia. Sisikii kitu. Kama kuangalia ndoo.

Sijalia bado. Watu wanadhani nalia usiku.

Jumapili, 5 Mei

Shani kaja kutoka Goba na mchele. Kakaa kidogo, kaondoka. Mtoto ana kazi, ana mume. Kaniuliza, "Mama, unakula?" Nakula.

Mama mkwe bado yupo. Alikuja kutoka Lindi kwenye msiba wa mwanawe, akabaki kunichunga eda. Neno kunichunga ni lake mwenyewe. Anakaa barazani na tasbihi, magoti yanamuuma, macho yanaona mpaka barabarani. Hatugombani. Hatuongei sana pia. Kila mtu na maiti yake, ingawa maiti ni mmoja.

Jumanne, 7 Mei

Mama Neema kaongea na watu wa gari kwa niaba yangu, maana Jumanne wanapita kuchukua za mama ntilie na wenye vibanda. Jibu lile lile. Godoro ni taka kubwa, halipandi gari hili. Ukitaka litoke, uende ofisini kuomba gari lingine, na huko utaambiwa subiri.

Kasema kwa mdomo wake, huyo mtu wa gari: "Sista, sie tunachukua kinachoingia kwenye kiroba kikafungwa mdomo. Mengine mpelekee Mungu."

Mama Neema kanisimulia hayo kwa hasira. Yeye ni Mkristo, mtu wa Njombe, hajawahi kuona eda kabla ya hii yangu. Lakini kila Alhamisi anakuja kuchukua kiroba bila kuombwa. Mungu amlipe.

Alhamisi, 9 Mei

Gari. Kiroba. Godoro limebaki.

Nzi wameongezeka. Kwa chini limeota kama uyoga, mweupe. Jirani wa nyuma kasema kwa sauti, nisikie, kuwa harufu inaingia mpaka kwenye ugali wake. Ana haki.

Ijumaa, 10 Mei

Bwana afya kaja na mjumbe. Mtu mstaarabu, kavua viatu barazani, kamwamkia mama mkwe shikamoo. Kazunguka uani na kalamu sikioni. Kalitazama godoro. Kaziba pua, kisha kaona haya, kaiachia.

Kasema Ijumaa ijayo atarudi. Akilikuta, Jumatatu yake niende ofisini mwenyewe kujieleza. Mjumbe kamwambia huyu mama yupo eda, aende jirani. Bwana afya kasema hapana. "Mwenye nyumba mwenyewe, si jirani. Nikimsamehe huyu, kesho mtaa mzima una eda."

Mjumbe alitaka kucheka, akaniona, akaacha.

Basi nimeelewa. Godoro lisipotoka Alhamisi, mie nitatoka Jumatatu. Nitakaa kwenye benchi na watu wa kesi za mifereji na wenye bar.

Ustadhi wa msikitini alishamtuma mkewe aniambie: mwenye eda akiwa na haja ya lazima anaweza kutoka mchana, mradi alale kwake. Najua. Nashukuru. Lakini ruhusa si amri. Baba Shani alikaa ndani mwaka mzima bila kuiona barabara, na hakulalamika, maana hata mdomo wa kulalamikia hakuwa nao. Mie nishindwe miezi minne na siku kumi? Nataka niikamilishe humu ndani. Ni kitu pekee ninachokitaka. Vingine vyote wakiniuliza nasema sawa tu.

Mama mkwe alisikia yote. Bwana afya alipoondoka akasema, "Mwanangu hajapoa kaburini, wewe ukakae kwenye mabenchi." Nikasema sijasema naenda. Akasema, "Na usiende."

Haya. Nisiende, na godoro halipandi gari.

Jumapili, 12 Mei

Shemeji Athumani kaja kutoka Vingunguti, anafanya kazi machinjioni. Kaja na chupa ya mafuta ya taa. Kasema dakika moja tu, shemeji, na kiberiti. Nikamkumbusha kuchoma ni kosa, na sponji likiwaka moshi wake mtaa mzima utakohoa, wala halitawaka, limelowa. Kasema basi analeta mkokoteni alfajiri, wakalitupe bondeni.

Nilikataa. Nilisema hapana mara moja tu, akashangaa, maana tangu msiba hajanisikia nikikataa kitu. Vinavyotupwa bondeni mvua inavileta mpaka madarajani. Nililiona kichwani, godoro la mume wangu linaelea na shimo lake limejaa maji, watoto wanalirukia. Hapana.

Kaondoka kanuna. "Basi kaa nalo."

Kaacha nyama, hata hivyo. Maini. Nimempikia mama mkwe kidogo, mengine nimegandisha.

Jumanne, 14 Mei

Mama Neema kaja mchana ananishika mkono kabla hata ya hodi. Macho yamemtoka. "Dada, kinachoingia kwenye kiroba! Si alisema kinachoingia kwenye kiroba?"

Sikumuelewa. Akakimbilia jikoni kwangu, katoka na kisu cha nyama.

Tulikuwa wajinga kiasi gani. Wiki ngapi tunaliangalia zima zima, kwa sababu lilikuwa zima.

Mama mkwe aliposikia akasimama, magoti na yote. Kasema godoro la maiti halichanwi kama nguo kuukuu. Kasema, "Mnamkata mwanangu." Nilitaka kusema mwanao tulimzika, Mama, mie nilikuwepo kumuogesha na wewe hukuwepo. Akaingia chumbani akafunga mlango.

Tukalilaza chini. Maji yalitoka kama tumekamua nguo. Nikaanza mie. Kitambaa kilikuwa kigumu, chini yake sponji lilikatika laini, kama mkate uliolowa kwenye chai. Mama Neema kaanzia miguuni, mie kichwani. Yeye alikuwa analia, machozi yanashuka mpaka kidevuni, na alimjua mume wangu kwa salamu tu. Mie nilikuwa nakata. Nilifika penye shimo. Pale sponji lilikuwa limebanana, jembamba, halina pumzi. Kisu kiligoma. Nikalipasua kwa mikono.

Viroba vimejaa. Tumevifunga mdomo kwa kamba na kuvipanga ndani ya geti. Mama Neema kasema Alhamisi atavibeba vyote mwenyewe, nisijali.

Mikono inanuka. Nimeosha kwa limau. Bado.

Jumatano, 15 Mei

Mama mkwe hajatoka chumbani ila kwa swala. Chakula nimempelekea, yale maini yaliyobaki, kala kidogo, kasukuma sahani.

Mvua.

Alhamisi, 16 Mei

Naandika polepole nisikosee.

Gari halikuja asubuhi. Tope, wamesema limekwama kule juu. Mama Neema anapika shuleni, watoto wa watu hawawezi kungoja. Kakaa, kakaa, kila mara anachungulia barabarani. Mwisho kasema dada samahani, likija mwite yeyote. Kaondoka.

Honi zimelia baada ya Adhuhuri. Nilikuwa bado kwenye mswala. Nimefika getini, nimeita mama fulani, nimeita baba fulani. Saa hiyo nyumba zote hazina mtu. Mtu wa gari kagonga geti kwa kiganja. "Wenye nyumba! Leteni, sie hatuingii ndani!" Nikamwambia viroba hivi hapa, vichukue hapa hapa. Kasema sheria yao hairuhusu kuvuka geti, juzi mwenzao kasingiziwa kaiba kuku.

Sikumwambia nipo eda. Sijui kwa nini.

Akangoja kidogo. Kisha akapiga bodi la gari, pa pa, dereva aondoe.

Hapo ndipo sijui vizuri. Najua nilishika kiroba. Najua kilikuwa kizito, maji yananichuruzikia kwenye kanga. Nakumbuka kupaza sauti, "Ngoja!" Sauti ilikuwa yangu, lakini sikuwa nimeisikia muda mrefu. Nikampa. Nikarudi nikachukua kingine. Nikampa. Nikaenda na kurudi, na kurudi. Kichwani hakukuwa na kitu, si eda, si Baba Shani, ni kamba za viroba tu zinanikata vidole. Cha mwisho nikakikumbatia, nilishachoka.

Mtu wa gari kakipokea, kaniangalia nguo, kaniangalia uso. Sauti ikamshuka.

"Mama, wewe si ndiye unayekaa eda?"

"Ndiye mie."

"Yesu. Si ungesema?" Kisha akasema, "Rudi ndani, mama. Rudi. Pole sana."

Nikatazama chini. Miguu yangu ilikuwa kwenye tope la barabarani. Mbali na geti. Sikuwa hata na kandambili.

Nilirudi. Mama mkwe alikuwa barazani. Sijui alitoka chumbani saa ngapi, lakini alikuwa ameona, tasbihi imesimama mkononi. Nikamngoja aseme. Nilitaka aseme, nafikiri. Nilitaka mtu anigombeze.

"Limekwenda?"

"Limekwenda, Mama."

Akaiangalia ile kanga yangu, maji ya godoro yamenilowesha kuanzia kifuani.

"Haya. Kaoge. Halafu uje ule, maini ya jana yalibaki."

Ijumaa, 17 Mei

Bwana afya kaja, kachungulia uani, kasema safi. Jumatatu hakuna safari.

Mke wa ustadhi kanihakikishia tena, haja ya lazima, mchana, hatua chache, eda ipo pale pale. Niseme alhamdulillahi. Nimesema. Nimetoka Alhamisi nisije nikatoka Jumatatu. Mungu anayajua mambo kama haya kuliko mie, nami nimemkabidhi.

Nilijaribu kulia baada ya Isha. Nilikaa mkao wa kulia kabisa. Hayakuja. Nikalala.

Jumapili, 19 Mei

Shani kaja. Kasema uani panaonekana pakubwa.

Alhamisi, 23 Mei

Jua limetoka. Mama Neema kawahi shuleni leo, kuna ukaguzi, kaniomba radhi tangu jana.

Taka kidogo tu wiki hii. Maganda ya ndizi, majivu, machicha ya nazi. Honi zilipolia nilikuwa jikoni natafuta wa kumtuma. Nikasikia barazani mtu anaguna, Bismillahi. Nikachungulia. Mama mkwe kasimama kashika ukuta kwa mkono mmoja, kiroba kwenye mkono wa pili. Nikasema Mama, acha, magoti. Hakugeuka.

Kalivuka geti. Kwa mwendo wake ilikuwa safari. Gari likamngoja, injini inanguruma. Yule yule mtu wa gari kashuka chini kabisa.

"Shikamoo bibi. Leo zamu yako?"

"Marahaba. Pokea, usinihoji."

Karudi polepole. Nikamfungulia geti kwa ndani. Kitu kikanipanda kifuani, kidogo, kikafika hapa kooni, kikashuka.

Kanawa mikono kwa sabuni, mara mbili. Kakaa. Kauliza kama chai ina tangawizi. Nikamwambia ina. Nikammiminia, nikajimiminia na mie, tukanywa.

Uani kuku alikuwa anaparua pale lilipokuwa godoro, pamekauka.