Wabia Watatu wa Shimo la Matongo

Shikamoo Mama. Vumbi la Matongo linaingia hadi kwenye chai, na mashine za kusaga mawe ya dhahabu hazinyamazi, lakini nakula vizuri. Supu ya kichuri ya huku ni chungu kwa nyongo kama yako.

Uliniuliza theolojia ya utaratibu itanisaidia nini huku kwenye mazoezi ya uchungaji. Mama, Jumapili iliyopita niliisahau nikaumbuka. Nilikuwa nafundisha Utatu Mtakatifu, nikaona nirahisishe: "Ni kama shimo moja la dhahabu lenye wabia watatu: mwenye shamba, mwenye pampu na mchimbaji." Chuoni wametukataza mifano ya namna hiyo, maana Mungu hagawanyiki mafungu. Tena sikujua kwamba wabia watatu wa kweli wameketi mbele yangu, na mawe yao yamelala wiki nzima kwa ugomvi wa mgawo.

Mchimbaji akaruka. "Mwenye shamba hashuki chini hata siku moja! Anakula jasho la nani?" Nilitamani ardhi inimeze. Mzee wa kanisa akawatoa nje wote watatu, sisi tukaimba mapambio ili tusisikie matusi.

Leo wamerudi, benchi moja. Mwenye shamba akasimama: "Mwalimu, tumepatana, na mawe tumegawana. Ila Mungu usimfananishe na sisi tena."

Kanisa zima likacheka. Nimelianza somo upya, Mama, bila mfano wowote, na wao watatu ndio wanaouliza maswali.

Wasalimie wote Machochwe. Tembo wasiyaone mahindi yako.

Mwanao, Marwa