Nyonyo za Kwenye Uzio

Engutoto, 3 Machi 2024

Mama, shikamoo. Migomba inaendeleaje, na mguu wa Baba? Mimi mzima, ila usingizi umeniruka kwa furaha. Ile protini tunayoitoa kwenye mbegu za nyonyo, sasa tumeifunga ndani ya chembe ndogo mno, jicho halizioni. Chembe zinaifikisha kwenye uvimbe wa saratani, kwingine haigusi. Panya saba wa maabara, uvimbe umenywea! Mwambie kila mtu.

Mwanao, Elinipa

Maji ya Chai, 20 Machi

Marahaba mwanangu. Wote wazima, Baba anakusalimu. Wamama wa kwaya nimewaambia mpaka wamechoka. Sasa nawe nikuambie: nina uvimbe kwenye titi. Daktari anasema ni saratani, nipasuliwe Alhamisi tarehe 4 Aprili. Nimemwambia angoje, binti yangu anatengeneza dawa. Nimekuchumia nyonyo za kwenye uzio, debe zima. Simu sipokei, najua utapiga kelele.

Mama yako

Engutoto, 23 Machi

Mama, shikamoo. Nyonyo hizo usimeze hata moja, zinaua! Ile protini yenyewe ni sumu, chembe zetu ndizo zinazoizuia, na kwa binadamu hatujajaribu. Ni kazi ya miaka, labda kumi. Nilijisifu kwa panya saba kama mtoto aliyeshika namba moja. Kosa ni langu.

Kaka Prosper anakuletea barua hii na jani la isale. Anayeombwa msamaha kwa isale hakatai, wewe ndiye uliyenifundisha. Nisamehe basi, na msamaha wenyewe uwe huu: Alhamisi uende.

Mwanao

Engutoto, 1 Aprili

Mama, shikamoo. Prosper anasema ulipokea isale, ukalichomeka ukutani, ukaenda zako kwenye migomba. Ndiyo umekubali? Leo nimevunja chupa mbili kazini. Nijibu, tafadhali.

Mwanao

Wodini, 9 Aprili

Marahaba mwanangu. Isale halikataliwi, ila kwanza nilikukasirikia siku tatu. Titi la kushoto limeondoka. Asubuhi nalia, mchana nakula ndizi anazoleta Prosper. Nyonyo Baba yako amezifukia.

Nimemwomba daktari akuhifadhie kipande cha uvimbe, nikatia sahihi. Uijaribu dawa yako kwenye kipande hicho, hata miaka kumi ikipita. Mimi sikukungoja, Elinipa. Chenyewe kitakungoja.

Mama yako