Mstari wa Juu Uliomfukuzisha Kioko Kazi

Mpendwa Bi Barke,

Shikamoo, naomba unisaidie, majuto yananimaliza. Nafanya kazi kwa Bwana Shee hapa Kisauni, tunatengeneza kurasa za mtandao za mahoteli, na mwezi uliopita nilipewa kuandika faili ya mitindo ya ukurasa wa hoteli moja, ile inayoiambia kompyuta ukurasa uvae nini, nami nilivyolelewa sianzi jambo bila Bismillahi, basi nikaiandika juu kabisa, chini yake ikafuata amri ya @import, inayokwenda kuchukua rangi na herufi kwenye faili nyingine, na mwenye hoteli alipokuja kutazama, ukurasa ukatokea mweupe, maandishi matupu. Mwenzangu Kioko akasema, "Dada Mwidani, huo mstari wa juu ndio unaharibu, tuutoe." Damu ikanichemka, nikamwambia Bwana Shee kwamba huyu hataki kuona jina la Mungu, na Kioko akafukuzwa papo hapo, hata hakuulizwa.

Baadaye nikasoma kitabu, kumbe amri hizi za @ zina mahali pake, @media inayotenga mitindo ya kioo cha kompyuta na ya karatasi ya kuchapishwa yaweza kuja chini, lakini @import lazima itangulie kanuni na maneno mengine yote, ama sivyo kompyuta huipuuza, isipokuwa maneno yaliyofungiwa baina ya /* na */, hayo huyaruka tu. Nikaifungia Bismillahi humo, pale pale juu, ukurasa ukavaa, Bwana Shee akanisifu, nami sikumtaja Kioko. Jana sokoni Kongowea mkewe Kioko, Mwikali, alinishika mkono: "Dada, ukisikia kazi popote, utukumbuke." Wallahi nilishindwa kumtazama. Nikisema kweli nitafukuzwa mimi. Nifanyeje?

Mwidani, Kisauni

Mwidani mwanangu,

Marahaba. Nimekuhurumia, na umenikasirisha. Kuanza kwa Bismillahi hukukosea, wala usiache. Ulikosea ulipoigeuza fimbo ya kumpigia mtu aliyekuwa akikusaidia. Kitabu ulikisoma hadi ukaelewa, mwenzio hukumpa hata dakika ya kumsikiliza.

Waogopa kufukuzwa. Huenda ukafukuzwa kweli, sikudanganyi. Na Mwikali leo anapika nini?

Kesho asubuhi, kabla hujawasha hiyo kompyuta, ingia kwa Bwana Shee umweleze kama ulivyoniandikia mimi, na umwombe amrudishe Kioko. Kisha nenda nyumbani kwa Kioko, umtake radhi mbele ya mkewe. Usianze na damu iliyochemka, wala kitabu, wala malezi yako. Neno la kwanza liwe, "Nilikusingizia." Ukitanguliza jingine lolote, hatayasikia yatakayofuata. Hilo huhitaji kufundishwa na mimi, umeshalisoma mwenyewe kitabuni.

Bi Barke